Mtoto wa Mama Mkaa

Mtaani kwetu Mbagala, mama yangu haitwi kwa jina la mtoto wake wa kwanza kama wanavyoitwa mama wengine. Anaitwa Mama Mkaa. Sisi wanawe wanne ni watoto wa Mama Mkaa, na nilipokuwa shule ya msingi nililichukia jina hilo kuliko nilivyochukia hesabu. Kila Jumatatu mwalimu wa zamu alikagua usafi. Tulipanga mstari, tukanyoosha vidole mbele. Kucha zangu zilikuwa na weusi ambao hata ukisugua kwa limao na mchanga hautoki. Darasa zima lilijua weusi ule umetoka wapi.

Leo mimi ni mwandishi wa habari. Kwa miaka kadhaa nimekuwa naandikia gazeti habari za mazingira na nishati: uchumi wa kijani, biashara ya kaboni, nishati safi ya kupikia, kupunguza hewa ukaa. Ukiyaondoa maneno makubwa, ni kwamba nalipwa kuandika kuwa kazi iliyonisomesha inapaswa kufa.

Sikuliona hilo kwa muda mrefu. Nililiona Mei 2024.

Mwezi ule habari za majiko zilikuwa nyingi. Tarehe 8 Mei Rais Samia Suluhu Hassan alizindua, hapa Dar es Salaam, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Siku sita baadaye alikuwa Paris, mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa kimataifa kuhusu nishati safi ya kupikia Afrika, ambako serikali na makampuni yaliahidi dola bilioni 2.2. Kabla ya hapo taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilikuwa zimeshaagizwa kuachana na kuni na mkaa. Shule, magereza, kambi, wote wanatafuta majiko mapya. Kwa mwandishi wa dawati langu ilikuwa ni msimu wa mavuno.

Niliandika makala ndefu ya Jumapili. Niliiandika ofisini, kiyoyozi kinanguruma, nina taarifa tatu za vyombo vya habari mbele yangu na simu mbili za wataalamu. Katika aya ya nne niliandika kuhusu "wafanyabiashara wa mkaa, waharibifu wakubwa wa misitu yetu". Ilikuja tu, kama zinavyokuja sentensi ambazo umeshazisikia mara mia. Mhariri hakuigusa.

Mama hasomi vizuri, macho hayamsaidii na shule aliishia darasa la nne. Lakini gazeti likiwa na jina langu hununua, na mdogo wangu humsomea. Jumapili ile jioni alinipigia.

"Mwanangu, nimesomewa gazeti lako."

"Eeh mama, umeipenda?"

"Nzuri. Nina swali moja tu. Huyo mharibifu mkubwa ni nani?"

Nikacheka, kile kicheko cha mtu aliyekamatwa. Nikaanza kumweleza kuwa ni lugha tu, kwamba nilikusudia wale wakubwa wenye malori, siyo yeye. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akasema mdogo wako ameshapakua chakula, akanitakia usiku mwema.

*

Wasomaji wa ukurasa huu mnapenda maneno, basi niwape hili. Kiswahili cha sera kinasema hewa ukaa. Ukaa, mkaa, kaa la moto, makaa: huo ni ukoo mmoja. Hata hiyo kaboni tuliyoichukua kwa Wazungu, ukiifuata mpaka Kilatini unakuta neno carbo, na maana yake ni hii hii, mkaa. Kwa hiyo mabwana na mabibi wanapokaa Paris au Dubai kupanga bei ya kaboni, wanataja jina la mama yangu kutwa nzima bila kumjua. Na neno lenyewe "nishati safi" limebeba hukumu ndani yake. Ikiwa ile ni safi, hii inayobaki ni nini? Na wanaoishika mikononi ni akina nani?

Mimi nilijua jibu tangu ukaguzi wa Jumatatu.

Mwaka 2006 nilikuwa kidato cha pili. Ulikuwa mwaka wa ukame, mabwawa yamekauka, umeme wa mgao. Januari serikali ikapiga marufuku mkaa nchi nzima. Marufuku yenyewe ilidumu kama wiki mbili hivi, maana jiji lilikuwa halina cha kupikia. Wanaoikumbuka wanaikumbuka kama kichekesho cha sera. Mimi naikumbuka kwa sababu Januari ni mwezi wa ada. Mama alikuwa na magunia manne yaliyobaki, ameyaficha chumbani tulikolala sisi, nyuma ya kitanda, amefunika kwa khanga kuukuu. Tulilala na vumbi lile puani. Usiku watu walikuja kugonga dirishani, wananong'ona kama wanaonunua gongo: "Mama Mkaa, hata kopo moja." Bei ilikuwa imekaribia mara mbili. Mama akauza kidogo kidogo, na mwisho wa wiki ya pili akahesabu hela kwenye mkeka, akatenga ada yangu, akaniambia, "Serikali imekusomesha." Alikuwa anatania. Lakini ada ilikuwa imetimia.

Chuo kikuu niliingia 2011. Mkopo nilipata, haukutosha. Pengo alilijaza yeye, kopo kwa kopo. Sijawahi kukaa nikapiga hesabu ni magunia mangapi yamo ndani ya shahada yangu. Baada ya ile simu ya Jumapili nikajaribu. Nilifika mia tatu na kitu, nikaacha.

*

Agosti 2024 nikaomba likizo, nikapanda basi kwenda Rufiji, upande wa mama, nimwone mjomba. Mjomba ndiye anayechoma. Sehemu ya mkaa wa mama imekuwa ikitoka kwake kwa zaidi ya miaka ishirini, na mimi, mwandishi wa mazingira, nilikuwa sijawahi kuona tanuri likiwaka.

Kutoka barabarani ni mwendo wa pikipiki, kisha miguu. Nilimkuta amekaa chini ya mti, fulana imeshikamana na mgongo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwandishi. Leo umekuja kutukamata?"

Kumbe na yeye alisomewa.

Tanuri lilikuwa kichuguu kirefu cha udongo, linafuka. Akanieleza kazi yenyewe, na mimi nikaandika kama mwanafunzi. Unaangusha miti kwa shoka, unaikata magogo, unayapanga yakabane, unafunika kwa majani mabichi halafu udongo, unaacha mdomo wa kuwashia. Ukishawasha unaziba. Kuni zinaungua kwa kunyimwa hewa. Moshi wa mwanzo ni mzito na mweupe, ukianza kuwa mwembamba wenye rangi ya buluu unajua kazi inaelekea kuisha. Hapo katikati ni wiki nzima au zaidi ya kulala na jicho moja, kwa sababu udongo ukipasuka usiku, hewa ikaingia, asubuhi unakuta majivu. "Umelea mtoto mchanga?" akaniuliza. "Basi ni hivyo."

Naijua hesabu ya tanuri la namna ile. Katika kila kilo 100 za kuni zinatoka kilo 10 mpaka 20 za mkaa. Nyingine zote zinakwenda angani, hewa ukaa, methani na masizi. Nimeiandika mara nyingi. Lakini sikuwahi kuwa na mtu mbele yangu ambaye macho yake ni mekundu kwa hizo asilimia 80.

Nikamuuliza, kwa sauti ya heshima lakini kwa swali la kiofisi, kwa nini haachi.

"Nilikuwa nimeacha," akasema. "Misimu mitatu sikushika shoka. Nililima mpunga na mahindi kule bondeni. Maji yakaja."

Aprili ile, mvua za El Nino zilikuwa zimeufurisha mto Rufiji. Mashamba yalifunikwa, watu walihama, habari zilitangazwa nchi nzima. Mimi mwenyewe niliandika, nikiwa Dar. Ekari za mjomba zilikaa chini ya maji wiki kwa wiki, na maji yalipoondoka hayakuacha hata suke. Serikali na wasamaria walileta chakula, akakipokea, akashukuru. Kikaisha. Mti ulikuwa bado umesimama. "Mpunga una msimu, ufuta una msimu," alisema. "Mkaa hauna msimu. Mtoto akiugua Jumanne, Jumatano unaukata."

Kwenye semina zetu kuna mchoro mmoja unaopendwa sana. Mshale unatoka kwenye mti uliokatwa, unakwenda kwenye hewa ukaa, unakwenda kwenye mafuriko. Mchoro ule ni wa kweli, sina ugomvi nao. Ila pale porini niliona mshale mwingine ambao hatuuchori, unaotoka kwenye mafuriko kurudi kwenye mti. Mjomba wangu yuko kwenye kile kona ambapo mishale miwili inakutana. Mtanzania wa kawaida huchangia chini ya nusu tani ya hewa ukaa itokanayo na mafuta, gesi na makaa ya mawe kwa mwaka. Mmarekani ni zaidi ya tani 13. Maji yaliyofunika shamba la mjomba hayakuuliza ni nani kachoma nini.

Ila sitaki kumfanya malaika. Tulipotembea kuelekea kwenye tanuri la pili nilihesabu visiki mpaka nikachoka. Alikuwa akikata chochote chenye unene wa paja. Nilipomwonyesha mti mmoja mchanga uliolala, akatazama pembeni. Utafiti mmoja kuhusu misitu ya kuzunguka Dar es Salaam ulionyesha kwamba mwaka 1991 uchomaji wa mkaa ulikuwa umbali wa kama kilomita 20 kutoka jijini, na kufikia 2005 ulikuwa umefika kama kilomita 50. Pugu na Kazimzumbwi ziliona cha moto. Sasa mama anapokea mkaa kutoka mbali zaidi ya hapo. Msitu unarudi nyuma kama maji ya bahari yanapokupwa, tofauti ni kwamba haya hayajai tena jioni.

Na faida? Gunia aliloliuza mjomba pale porini, nililikuta Mbagala lina bei zaidi ya mara tatu. Katikati kuna mwenye pikipiki, kuna ushuru, kuna kibali au kukosa kibali, kuna "chai" ya wale wasioona vizuri usiku. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba biashara ya mkaa Tanzania ina thamani ya dola milioni 650 kwa mwaka, mara kadhaa ya kahawa na chai ukizijumlisha. Kahawa ina bodi, ina mnada, ina wimbo wa shuleni kuhusu uchumi wa taifa. Mkaa una pikipiki isiyo na taa saa nane usiku kwenye barabara ya Kilwa.

*

Niliporudi nilikaa siku tatu kwenye kibanda cha mama, nikimsaidia kupima. Nilitaka kuwaona wateja ambao sera inataka kuwahamisha.

Mama lishe mmoja wa kona ya pili hununua makopo manne kila alfajiri. Ana mtungi wa gesi wa kilo 6, aliupata kwa bei ya ruzuku, anao nyumbani anachemshia chai. Kwa nini hapikii maharage ya biashara? "Mtungi hauniambii unaisha lini," akanijibu. "Ukiisha saa tano asubuhi, wali uko nusu, wateja ni mafundi wana njaa, nitoe wapi hela ya kujaza yote kwa mpigo? Mkaa nanunua wa leo." Nikamwambia habari ya jiko la presha la umeme, kwamba maharage yanaiva kwa chini ya uniti moja. Akafurahi kweli. Kisha akanionyesha kibanda chake: mabati manne, turubai, hakuna waya hata mmoja unaofika pale.

Hakuna aliyeniambia anapenda moshi. Hilo mliweke akilini mnaposikia kwamba watu wetu ni wagumu wa kubadilika, eti wali wa mkaa una ladha yake. Ladha ipo. Lakini watu wanaojua kupima shilingi mia mbili wanajua kupima na mapafu yao. Serikali imekuwa ikitaja watu wapatao 33,000 wanaokufa kila mwaka nchini kwa magonjwa ya moshi wa jikoni. Wengi wao ni wanawake na watoto. Na hapa ndipo ninaposhindwa kuandika makala ya kuutetea mkaa, hata kama ningependa kumfurahisha mama.

Kwa sababu mama anakohoa. Ameanza kama miaka minne iliyopita, kikavu, cha alfajiri. Daktari alimwuliza kazi, akamwambia, akamtaka aache vumbi na moshi. Nilimwambia mama nitakuwa namtumia kiasi fulani kila mwezi, afunge kibanda, apumzike. Alikataa kwa maneno ambayo sijapata jibu lake mpaka leo: "Hela ya kupewa haina sauti." Pale kibandani yeye ni mtu wa kukopesha na wa kudai. Ni mtu anayejua nani kaachwa na mume wiki hii kwa kuona ananunua kopo nusu. Nyumbani angekuwa bibi mgonjwa anayesubiri muamala.

*

Nimewahi kufika Kilosa, Morogoro, ambako kuanzia 2012 mashirika ya misitu ya hapa nchini, kwa fedha za Uswisi, yalijaribu kitu kingine na wanavijiji. Hawakupiga marufuku mkaa. Kijiji kilitenga sehemu ndogo ya msitu wake, kikaigawa viploti vya mita 50 kwa 50, unavuna kimoja unaruka kingine, unaacha kisiki kirefu kichipue, kisha hurudi pale mpaka ipite miaka 24. Miti mingi ya miombo ina uhai huo. Ukiikata kwa adabu, inaota tena. Ushuru ulibaki kijijini, wenyewe wakaamua ujenge darasa au urekebishe zahanati. Hakikuwa kitu kikamilifu, na peke yake hakiwezi kulisha Dar es Salaam yote. Ila nilimwona mchomaji mkaa akiwa na kibali mkononi mchana kweupe, akiongea na mimi bila kutazama barabara. Nilipomkumbuka mjomba na utani wake wa kukamatwa, nikaelewa nilichokuwa nimekiona Kilosa.

Basi msimamo wangu ni upi? Nataka jiko la mama lizimwe. Nataka lengo la asilimia 80 litimie, na kabla ya 2034 ikiwezekana. Lakini katika makala zote nilizoandika, niliwahesabu wapikaji na sikuwahi kuuliza kuhusu wauzaji na wachomaji. Watu wanaobadilishiwa jiko wana takwimu. Watu wanaobadilishiwa riziki nikawapa tusi kwenye aya ya nne. Uchumi wa kijani ukija Mbagala nataka uje na kitu cha mama kuuza mahali pale pale, kwa makopo yale yale ya hela ndogo: gesi ya kupimwa, mkaa mbadala wa vumbi na mabaki, chochote ambacho mama lishe atakinunua cha leo. Na ukifika Rufiji uwe na kitu cha kumshika mjomba msimu ambao maji yatarudi, maana yatarudi.

Niliyaandika haya kwa ajili ya gazeti pia. Habari ya mama lishe ilitoka. Ya mjomba ilikatwa, nafasi haikutosha. Ndiyo maana nimeileta huku.

Kabla ya kuituma nilikwenda Mbagala nikamsomea mama yote, tumekaa nje ya kibanda. Alinisahihisha mara mbili. Kwanza, mwaka 2006 magunia yalikuwa matano, la tano lilikuwa chenga tupu lakini aliliuza pia. Nimeliacha kosa langu pale juu ili mwone.

La pili, nilikuwa nimeandika mwanzoni kwamba mama yangu "alikuwa muuza mkaa". Akanisimamisha.

"Alikuwa? Kwani nimekufa?"

Akainuka kwenda kumpimia mteja, mtoto wa kike mwenye sare ya shule na kopo tupu. Nikafuta.